Shajara ya mradi: kuupa upande wa kushoto kazi yake katika swingi ya gofu

Mimi ni kedi, mbeba mabegi ya wachezaji wa gofu, hapa Jinja, Uganda, mwaka wa kumi na moja huu. Miaka yote hiyo nimebeba mabegi ya watu kwa bega la kulia. Begi lenye fimbo 14, maji, mwavuli na viatu vya akiba halipungui kilo 12, na uwanja wetu una mashimo 9, kwa hiyo anayetaka 18 tunauzunguka mara mbili. Mwili umejikunja kuufuata mzigo. Bega la kulia limejaa, mguu wa kulia umekuwa nguzo, na upande wa kushoto umezoea kuburutwa. Ninaposimama kupiga swingi, yaani kuizungusha fimbo nipige mpira wangu mwenyewe, kasoro hiyo inaonekana kabla sijainua fimbo.

Nimejipa miezi sita kulishughulikia jambo hili. Nitaandika kila hatua inapokwisha, pamoja na pesa iliyotoka na makosa niliyofanya, ili kedi mwingine, au fundi seremala, au yeyote ambaye kazi imemlemeza upande mmoja, achukue yaliyofaa na ayaepuke yaliyoniumiza. Mimi napiga kwa mkono wa kulia, kwa hiyo nikisema kushoto nina maana ya upande unaotazama shabaha. Anayepiga kwa kushoto ageuze.

Jumatatu, 6 Januari 2025: Pa kuanzia

Jumatatu ndiyo siku yetu makedi kushika fimbo. Nimecheza mashimo 9 kwa mapigo 46. Mipira mingi ilianza kwenda kushoto kisha ikapinda kulia, miwili ikapotelea mitini. Sababu yake makedi wote tunaijua kwa mdomo: fimbo inashuka kutoka nje ikikata kuja ndani, uso wake bado uko wazi kwa njia hiyo, na mpira unapata mzunguko wa kuupeleka kulia. Miaka mitatu nimekuwa nikirekebisha mikono, hali ugonjwa uko chini ya mikono.

Aliyenionyesha ni Afande. Ni mstaafu wa jeshi, alifundisha makuruti gwaride kwa miaka mingi, sasa ni jirani yetu Walukuba na hucheza jioni kwa fimbo nne tu. Alinitazama mapigo matano, kimya. Halafu akasema:

"Kijana, peleka fimbo juu uishikilie hapo hapo. Usishuke."

Nikasimama, fimbo juu ya bega.

"Sasa inua mguu wa kulia."

Nikauinua bila taabu yoyote.

"Umeona? Fimbo iko nyuma, uzito uko mbele. Ukishuka utaangukia wapi?"

"Nyuma, Afande."

"Haya."

Hicho ni kipimo ambacho mtu yeyote anaweza kukifanya leo bila kununua kitu. Mwenye swingi nzuri, fimbo ikiwa juu, hawezi kuuinua mguu wa kulia bila kwanza kuhamisha mwili, kwa sababu amesimama juu yake. Mimi nilikuwa nafanya kinyume. Narudisha fimbo nyuma huku nikiegemea mbele, kisha nashuka nikirudi nyuma. Mpira unaachwa kwa mkono wa kulia na bega lake, na bega hilo kwa nguvu lilizo nazo linarusha fimbo nje.

Inavyotakiwa ni hivi. Mwanzoni uzito unakaribia kuwa nusu kwa nusu. Fimbo inaporudi, sehemu kubwa inakaa chini ya mguu wa kulia, upande wa ndani wa wayo. Kisha, na hapa ndipo wengi tunapopotea, uzito unaanza kurudi kushoto kabla fimbo haijamaliza kwenda nyuma. Inapogusa mpira, kama robo tatu ya uzito au zaidi iko kushoto. Pande mbili zinafanya kazi kwa wakati mmoja, moja ikielekea huku na nyingine kule.

Nimejipima mambo mawili ili nijue nilipo. Kusimama kwa mguu mmoja nikiwa nimefumba macho: kulia sekunde 31, kushoto 9. Kisha mstari wa jivu. Nimechora mstari kwenye udongo mkavu nyuma ya nyumba, nikausimamia kama vile mpira uko juu yake, nikapiga swingi kumi bila mpira nikiangalia fimbo inakwaruza wapi. Mkwaruzo mzuri wa aironi, fimbo ya kichwa cha chuma, unaanza kwenye mstari au mbele yake. Wangu ulifanya hivyo mara 2 katika 10. Mara nane fimbo iligusa ardhi nyuma ya mstari, yaani nyuma ya mpira.

Jumatatu, 20 Januari: Mizani mbili na kibaraza kilichoinama

Nimenunua mizani mbili za kusimamia, zile za mshale, kila moja sh 45,000. Nia yangu ilikuwa kuweka mguu mmoja juu ya kila mizani na kupiga swingi nione uzito unavyohama.

Haikuwezekana. Mshale unaruka kama panzi na kabla haujatulia swingi imeshakwisha. Mizani hizi zinafaa kwa mwili uliosimama tu. Kwa hiyo nimebadilisha: napeleka fimbo juu, nashikilia nikihesabu hadi tatu, mke wangu, Mama Sumaya, anasoma namba. Nashuka polepole hadi pale fimbo ingegusa mpira, nashikilia tena, anasoma tena.

Kosa lililonipotezea wiki nzima ni jingine. Nilikuwa napimia kibarazani. Namba zilisema kulia kumezidi kushoto kwa mbali nikiwa nimesimama tu, nami nikaziandika kwa uchungu. Siku ya saba Mama Sumaya alikuwa anapiga deki.

"Baba Sumaya, hebu tazama haya maji yanakimbilia wapi."

Yalikuwa yanakimbia yote upande wa mtaro. Kibaraza kimejengwa kwa mteremko ili mvua isiingie ndani, nami nilikuwa naweka mguu wa kulia upande wa bondeni kila siku. Tukahamia ndani ya chumba, kwenye sakafu tuliyoipima kwa chupa ya maji. Tukabadilishana pia mizani, ya kushoto kulia na ya kulia kushoto, tukagundua kwamba moja inazidisha kilo 2. Baada ya kusahihisha yote hayo, namba za kweli ni hizi, jumla kilo 68:

Nikisimama tayari: kushoto 31, kulia 37.
Fimbo ikiwa juu: kushoto 38, kulia 30.
Pa kugusa mpira: kushoto 27, kulia 41.

Mistari miwili ya mwisho imegeuka kichwa chini miguu juu, kama Afande alivyoona kwa macho.

Anayetaka kunakili asinunue mizani mbili. Moja inatosha. Chini ya mguu mwingine weka mbao zenye kimo sawasawa na mizani, jipime kilo zako zote kwanza, kisha toa.

Jumatatu, 10 Februari: Mkono wa kushoto peke yake

Hapa nimekosea vibaya, na naomba hapa pasomwe polepole.

Niliwaza hivi: kama kulia kuna nguvu nyingi, niufanyie kazi upande wa kushoto mpaka ulingane. Nikaanza kupiga kwa mkono wa kushoto peke yake, aironi 7, swingi kamili, mipira mia kila jioni. Mipira yenyewe nilinunua 20 kwa vijana wanaoitafuta majini na vichakani, sh 1,500 kila mmoja. Siku tatu za kwanza nilijisikia vizuri. Mpira ulikuwa unatoka, hauendi mbali lakini unatoka. Siku ya sita, nje ya kiwiko cha kushoto pakaanza kuwaka. Siku ya tisa nilishindwa kuinua birika la chai.

Nilikwenda kwa mtaalamu wa viungo, sh 30,000 kwa ziara moja, na nimeshakwenda mara mbili. Alinibonyeza pale mfupa unapochomoza upande wa nje wa kiwiko, akaniambia nikunje ngumi na kuinua kifundo huku akinizuia, na maumivu yakaonekana yanatoka wapi. Ni kano za misuli inayoinua kifundo cha mkono. Kwa mchezaji wa gofu anayepiga kwa kulia, kiwiko cha kushoto ndicho kinachopokea mshtuko wa fimbo inapokwaruza ardhi, na mimi nilikuwa nakwaruza nyuma ya mpira mara nane katika kumi, kwa mkono mmoja usio na mazoea, mara mia kwa siku.

Zoezi lenyewe halina ubaya. Makocha wengi hulitumia. Ubaya ulikuwa kiasi, urefu wa swingi, na mimi kuanza nalo kabla sijajifunza kusimama kushoto. Mkono ulikuwa unafanya kazi ambayo mguu haukuijua.

Amri ya mtaalamu: wiki tatu bila kupiga mpira. Kubeba begi ninaruhusiwa.

Jumatatu, 3 Machi: Wiki tatu bila mpira

Ziara ya tatu, sh 30,000 nyingine. Kiwiko kimepoa.

Wiki hizi hazikupotea. Nilichukua tyubu mbili za baiskeli kwa fundi, sh 2,000 kila moja, nikafunga moja kwenye nguzo ya mlango. Nasimama ubavu wa kulia ukielekea nguzo, nashika tyubu kwa mikono miwili, navuta kupita mbele ya mwili huku mguu wa kushoto ukisukuma ardhi. Mara 12, kupumzika, mara 12. Kisha nageuka nafanya upande wa pili mara 12 tu. Upande wa kushoto unapata mizunguko miwili kwa mmoja wa kulia.

Jambo la pili ni begi. Tangu 15 Februari nabeba kwa bega la kushoto kwenye mashimo ya namba witiri na la kulia kwenye namba shufwa. Siku za kwanza nyonga ya kushoto ilikuwa inauma kwenye miinuko mpaka nikatamani kurudi kwenye mazoea. Siku ya kumi maumivu yalikwisha. Begi lenye kamba mbili za mgongoni ni bora kuliko ujanja wangu huu, lakini kedi habebi begi alilolichagua.

Macho yakiwa yamefumbwa, mguu wa kushoto sasa unasimama sekunde 17.

Jumatatu, 17 Machi: Ubao wa kuyumba

Tuko Ramadhani. Nafanya mazoezi baada ya tarawehe, dakika ishirini tu, nikiwa nimeshakunywa maji ya kutosha. Asubuhi nimefunga na begi linanitosha.

Nimetengeneza ubao wa kuyumba: ubao wa futi mbili na nusu, sh 12,000, na kipande cha bomba nene la maji taka lililobaki kwa mjenzi, sh 8,000. Unalaza bomba, unaweka ubao juu, unasimama miguu miwili ukijaribu usiguse chini upande wowote. Usiku wa kwanza bomba lilitoka mbio kwenye saruji, ubao ukapaa, nikaangukia nyonga. Alhamdulillahi hapakuvunjika kitu. Marekebisho ni mawili na yasirukwe: pigilia vipande vya mbao chini ya ncha zote mbili za ubao ili bomba lisiweze kutoka, na tandika mkeka au fanyia kwenye nyasi.

Baada ya hapo ubao umenifundisha kitu ambacho mizani haikuweza. Nikipeleka mikono nyuma kwa mwendo wa swingi, ubao unalala kulia. Nikitaka kuurudisha kushoto kwa kuvuta bega, haurudi, au unarudi kwa kishindo. Nikiurudisha kwa kukanyaga tu, kwa wayo wa kushoto, unarudi kwa utulivu na bega linafuata lenyewe. Nimerudia hata mara hamsini kwa usiku mmoja, kwa sababu sikuwa nimewahi kuisikia hali hiyo mwilini.

Kuna mchezaji mmoja wa kulipwa, Mwingereza, Ernest Jones, aliyepoteza mguu wa kulia chini ya goti katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Alirudi uwanjani kwa mguu mmoja na akamaliza mashimo 18 kwa mapigo 83. Mguu aliobaki nao ulikuwa wa kushoto. Nikiwa juu ya ubao namfikiria sana.

Jumatatu, 7 Aprili: Mguu wa kulia unaufundisha wa kushoto

Idi imepita. Huu ndio ugunduzi wangu mkubwa katika mradi mzima.

Nilikuwa nimesikia kwamba kupiga swingi za upande wa pili kunasaidia kuulinganisha mgongo. Nikatafuta aironi 7 ya mpigaji wa kushoto. Jinja sikuipata. Nimeipata Kampala, iliyokwisha kutumika, sh 60,000, na nauli ya kwenda na kurudi sh 30,000. Nilitegemea kupiga swingi chache za kunyoosha mwili tu, bila mpira.

Nikasimama upande wa pili, mguu wa kulia sasa ukiwa ndio wa mbele. Swingi ya kwanza ilikuwa mbaya mikononi, kama mtoto anayeandika kwa mkono asiouzoea. Lakini chini! Fimbo iliposhuka, mguu wa kulia uliikanyaga ardhi, goti likanyooka, nyonga ikageuka kupisha, mwili ukasimama imara juu yake. Sikuuambia ufanye hivyo. Mguu ule umebeba mzigo miaka kumi na moja na unajua kupokea uzito.

Nikasimama pale na fimbo mkononi kwa muda. Kumbe mwili wangu ulikuwa na mwalimu tayari, ila alikuwa amekaa upande ambao hatumiki.

Mama Sumaya akanipiga video kwa simu, mwendo wa polepole, swingi tano za kushoto na tano za kulia. Nikaigeuza ile ya kushoto kama kwenye kioo nikaziweka kando kwa kando. Kwa kushoto, kisigino cha mguu wa mbele kinakanyaga ardhi wakati mikono bado inaenda juu. Kwa kulia, kisigino kinakanyaga ardhi wakati mikono imeshashuka hadi kiunoni. Tofauti ndiyo hiyo. Haikuwa nguvu. Ilikuwa ni nani anatangulia.

Tangu hapo mpango wa kila jioni ni huu: swingi tatu kwa fimbo ya kushoto, bila mpira, nikisikiliza mguu wa kulia tu. Kisha natembea hatua chache, nabadilisha fimbo, swingi tatu kwa upande wangu nikiutafuta mguu wa kushoto usikie hali ile ile. Kisha mpira mmoja. Mzunguko huo mara kumi, kwa hiyo mipira kumi tu kwa jioni. Baada ya kiwiko, sitaki tena habari ya mipira mia.

Nimekumbuka pia wapigaji wakubwa wa kushoto ambao kwa asili si wa kushoto. Phil Mickelson wa Marekani hutumia mkono wa kulia kwa mambo mengine. Gofu alijifunza utotoni akiwa anamtazama baba yake, uso kwa uso kama kioo. Bob Charles wa New Zealand, aliyeshinda The Open, mashindano makuu ya Uingereza, mwaka 1963, naye ni wa kulia nje ya gofu. Kwa watu hao upande wenye uwezo ndio unaotangulia mbele. Siwezi kuanza upya kwa kushoto katika umri wangu, na fimbo zake sizimudu, lakini naelewa sasa kwa nini jambo hilo halikuwazuia kushinda.

Jumatatu, 28 Aprili: Mvua, na nyayo za kiboko

Mvua za Aprili zimeshika. Mazoezi matatu kwa wiki badala ya sita.

Viboko hupanda kutoka majini usiku kula nyasi, na wakati wa mvua nyayo zao zinaacha mashimo. Wageni hushangaa wakisikia kanuni ya hapa kwamba mpira ulioingia kwenye unyayo wa kiboko unainuliwa bila adhabu. Mimi leo nimezitumia nyayo hizo kwa kazi nyingine. Alfajiri, baada ya kuhakikisha na mlinzi kwamba wanyama wamerudi majini, nimesimama mguu wa kushoto ukiwa ndani ya unyayo na wa kulia nje, nikapiga swingi za nusu. Ukiwa umeinamia kushoto hivyo, uzito hauna pa kukimbilia. Kisha nikabadilisha, mguu wa kulia ndani. Pale ndipo mwili unaporudia tabia ya zamani na kubaki nyuma, na fimbo inachimba matope. Dakika kumi za namna hiyo zimenionyesha zaidi ya wiki nzima ya sakafu tambarare.

Mstari wa jivu, tarehe 26: mara 5 katika 10.

Jumatatu, 12 Mei: Kiuno kinateleza

Nimepata ugonjwa mpya. Baada ya kufundishwa kukanyaga kushoto, kiuno changu kimeanza kuteleza moja kwa moja kuelekea shabaha bila kugeuka. Bega la kulia linazama, fimbo inakuja kutoka ndani mno. Mpira unakwenda kulia moja kwa moja, au, mkono ukiwahi kuugeuza uso wa fimbo, unapinda kushoto kwa nguvu. Kwa macho ya mtazamaji uzito umehama vizuri. Mizani nayo ilinidanganya: pa kugusa mpira ilisema kushoto 58, nami nikafurahi.

Tiba ni mpini wa ufagio. Niliuchomeka wima ardhini, nje ya mguu wa kushoto, upana wa vidole vitatu kutoka kwenye nyonga. Fimbo ikishuka nyonga inaruhusiwa kuugusa mpini kidogo, kisha lazima mfuko wa nyuma wa suruali ugeuke kuukimbia. Nikiteleza, naung'oa. Jioni ya kwanza niliung'oa mara 14 katika 20. Jioni ya nane, mara 3.

Nimeongeza tairi kuukuu, sh 10,000 kwa fundi wa pancha. Nalisimamisha dhidi ya mti, naweka kichwa cha aironi juu yake pale ambapo mpira ungekuwa, kisha nasukuma bila kupiga, nikihesabu hadi sita. Goti la kushoto linanyooka, nyonga inageuka, mkono wa kulia unasukuma dhidi ya ukuta wa upande wa kushoto. Hapo mtu anasikia wazi kazi ya kila upande: kulia kunasukuma, kushoto kunazuia na kugeuka. Tairi lisipigwe kwa swingi kamili. Kiwiko kinakumbuka.

Jumatatu, 26 Mei: Gwaride

Nilikuwa nimekwama kwenye wakati. Nikipiga polepole mguu unatangulia, nikiongeza mwendo bega linauwahi. Nilimweleza Afande.

"Makuruti wapya," akasema, "kila kundi lina mmoja anayetembea mkono wa kulia na mguu wa kulia pamoja. Ukimpigia kelele anazidi kukakamaa. Mimi nilikuwa namwambia asahau mikono, asikilize buti tu."

Akaniambia nikutanishe miguu, fimbo mbele. Nianze kurudisha fimbo, na ikiwa bado inaenda juu nipige hatua kwa mguu wa kushoto kuelekea shabaha, ndipo fimbo ishuke. Yeye alikuwa anaita: "Nyuma... buti!" Neno buti lilikuwa linakuja mapema kuliko nilivyotaka, kila mara. Kwa mipira saba niligusa juu ya mpira au nikakosa kabisa. Wa nane ulitoka na sauti ambayo kedi anaijua hata akiwa amegeuka nyuma, sauti fupi na kavu. Ulikwenda hatua 146. Aironi 7 yangu mwezi Januari ilikuwa hatua 131.

Tumefanya zoezi hilo siku kumi na mbili. Baada ya kila mipira mitano ya kupiga hatua, mitano ya kusimama kawaida, Afande akiita vile vile. Sasa najiitia mwenyewe moyoni.

Jumatatu, 9 Juni

Siku ya Mashujaa, uwanja umejaa. Nimebeba mizunguko miwili, sikugusa fimbo. Bega la kushoto halikulalamika.

Jumatatu, 30 Juni: Miezi sita

Nimecheza mashimo 9 kwa mapigo 41. Shimo moja liliniharibikia kwenye mchanga, mapigo saba, na hilo halihusiani na mradi huu. Mipira miwili tu ilipinda kulia, yote ya draiva, fimbo ya kupigia mbali.

Vipimo, kwenye sakafu iliyo sawa na mizani iliyosahihishwa:

Nikisimama tayari: kushoto 33, kulia 35.
Fimbo ikiwa juu: kushoto 22, kulia 46.
Pa kugusa mpira: kushoto 52, kulia 16.

Mguu mmoja, macho yamefumbwa: kulia sekunde 33, kushoto 26. Mstari wa jivu: mara 8 katika 10. Afande aliniambia tena niinue mguu wa kulia fimbo ikiwa juu. Nilishindwa, na yeye akatikisa kichwa kwa kuridhika akaenda zake kunywa chai.

Pesa: mizani 90,000, mipira 30,000, mtaalamu wa viungo 90,000, tyubu 4,000, ubao na bomba 20,000, fimbo ya kushoto 60,000, nauli 30,000, tairi 10,000. Jumla sh 334,000. Anayenakili akinunua mizani moja na akikilinda kiwiko, atatumia kama 199,000. Asiye na uwezo wa fimbo ya kushoto ashike mpini wa ufagio tu asimame upande wa pili. Kinachotafutwa kiko mguuni. Kwa mpangilio, ningeanza na kipimo cha kuinua mguu, kisha ubao, kisha swingi za upande wa pili, kisha hatua ya gwaride. Mkono wa kushoto peke yake ningeuweka mwisho, nusu swingi, mipira 15.

Draiva bado. Fimbo yake ni ndefu, miguu inatanuka zaidi, mpira uko mbele karibu na kisigino cha kushoto, na bega la kulia linapoona umbali ule linataka kurudi kwenye enzi yake. Nimeanza kuipiga kwa miguu iliyokutana, tii (kijiti cha kuwekea mpira) fupi, mipira kumi kwa jioni. Afande amesema Jumatatu atakuwepo saa kumi na mbili asubuhi, nami nitabeba draiva na ule mpini wa ufagio.